Floraidi Udongoni: Jinsi ya Kujua Kama Inaufikia Mmea

Maabara ikikuandikia kwamba udongo wako una floraidi (namna ya elementi florini, inayounguza majani ikizidi) miligramu 300 kwa kilo, usishtuke. Ikikuandikia 80, usitulie. Namba hiyo ni ya floraidi yote iliyomo, pamoja na ile iliyofungwa ndani ya chembe za mwamba ambayo mzizi hautaigusa hata miaka mia. Udongo mwingi wa kawaida duniani una kati ya miligramu 150 na 400 kwa kilo, na mimea inaota juu yake bila shida. Kinachoamua ni sehemu ndogo sana iliyoyeyuka katika maji ya udongo, ambayo katika udongo usiochafuliwa mara nyingi haifiki miligramu moja kwa kilo.

Kwa hiyo swali la kushika tangu mwanzo ni hili: floraidi hii imeshikwa na nani, na ni kitu gani kinaweza kumfanya aiachie? Hatua zote zilizo hapa chini zinalifuata swali hilo. Baadhi utazifanya kwa jembe na ndoo, nyingine zinahitaji maabara.

Hatua ya 1: Jua ilikotoka

Chanzo cha kwanza ni mwamba wenyewe. Floraidi imo katika fluoraiti, katika apatiti, na kwa wingi katika maika na madini mengine meusi ya miamba ya volkeno na matale. Ioni yake, yaani chembe yake yenye chaji, inakaribiana sana kwa ukubwa na haidroksili (muungano wa oksijeni na haidrojeni), kwa hiyo wakati madini yanapojiunda huingia na kukalia nafasi ya haidroksili bila kuvuruga chochote. Ndiyo maana imetawanyika karibu katika kila udongo wa mfinyanzi, hata pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kuileta.

Chanzo cha pili ni mbolea ya fosfeti. Mwamba wa fosfeti huwa na floraidi asilimia 2 hadi 4, na sehemu yake kubwa kiasi hubaki ndani ya mbolea. Cha tatu ni maji ya kumwagilia, hasa ya visima virefu katika maeneo ya volkeno. Cha nne ni hewa: moshi wa viwanda vya kuyeyusha alumini, wa tanuri za matofali, wa viwanda vya mbolea ya fosfeti, na majivu ya volkeno. Mlipuko wa Laki huko Aisilandi mwaka 1783 ulikuwa na floraidi nyingi kiasi kwamba takriban asilimia 80 ya kondoo wa nchi hiyo walikufa. Waliuawa na majani waliyokula na njaa iliyofuata. Udongo haukupata hata nafasi ya kuhusika. Likumbuke hilo ukifika hatua ya 7, kwa sababu floraidi inaweza kuwa juu ya jani bila kupitia mzizi kabisa.

Andika vyanzo vyote vinavyowezekana shambani pako kabla ya kuchimba. Utavihitaji.

Hatua ya 2: Pima pH, kisha tafuta aliyeishika

Ukiwa na uwezo wa kupima kitu kimoja tu, pima pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali inazidi). Hakuna kipimo kingine cha bei nafuu kinachoeleza mwenendo wa floraidi kama hiki.

Wanaoishika floraidi udongoni ni hasa oksidi na haidroksidi za alumini na chuma, pamoja na kingo za chembe za mfinyanzi. Kwenye uso wa madini haya kuna haidroksili zilizojipanga. Floraidi huja, humwondoa haidroksili mmoja na kukaa mahali pake, na huyo aliyeondolewa huenda majini. Mshiko huo ni wa nguvu. Hautegemei chaji za umeme peke yake, kwa hiyo mvua ya kawaida haiung'oi kirahisi kama inavyoing'oa naitreti.

Mshiko huu una kilele chake: kwa udongo mwingi huwa kati ya pH 5.5 na 6.5. Ukitoka hapo kwenda upande wowote, floraidi inaanza kulegea, lakini kwa sababu mbili tofauti kabisa. Hapa ndipo ushauri mwingi unapokosea, kwa sababu dawa ya upande mmoja huharibu upande mwingine.

Ukishuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka kutoka kwenye madini. Alumini na floraidi hupendana sana. Zikikutana majini huungana na kutembea pamoja, na uso wa mfinyanzi unabaki bila mgeni wake. Floraidi haijapungua, imepanda gari tu. Ukiendelea kushuka hadi karibu na pH 4 au chini yake, sehemu yake inaanza kujiunga na haidrojeni na kuwa asidi ya floraidi isiyo na chaji. Molekuli isiyo na chaji hupenya utando wa chembehai za mzizi kwa urahisi kuliko ioni. Udongo mkali wa tindikali, basi, unaifungulia floraidi milango miwili kwa mpigo.

Ukipanda juu ya 7, uso wa madini unakuwa na chaji hasi zaidi, na haidroksili zinajaa majini zikidai nafasi zao. Floraidi inasukumwa nje. Iwapo kuna kalsiamu ya kutosha, huko nje inazuiwa tena. Iwapo haipo, inabaki huru, na hilo ndilo jambo la hatua ya 3.

Kwa mwenye maabara, kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu linaonyesha mabadilishano haya waziwazi. Chukua gramu 1 ya udongo, weka katika mililita 50 za myeyusho wa sodiamu floraidi wa moli 1 kwa lita, koroga, na soma pH baada ya dakika 2. Ikivuka 9.4, udongo huo una alofani au madini ya alumini yasiyo na umbo kamili, kama ilivyo kwa udongo wenye umri mdogo wa majivu ya volkeno. Hiyo pH iliyopanda ni haidroksili zilizofukuzwa na floraidi, unaziona zikitoka. Udongo wa namna hiyo una uwezo mkubwa sana wa kushika. Sodiamu floraidi ni sumu ikimezwa, kwa hiyo vaa glavu na usilifanyie jaribio hili jikoni.

Umbile la udongo nalo lina neno. Kichanga chenye mfinyanzi kidogo hakina nyuso za kutosha, na floraidi inayoingia huteremka na maji hadi chini. Mfinyanzi mwekundu, wenye rangi inayotokana na kutu ya chuma, huikamata katika sentimita chache za juu.

Hatua ya 3: Angalia kalsiamu, na kama udongo ni wa magadi

Kalsiamu na floraidi zikizidi majini hujenga fluoraiti, chumvi isiyopenda kuyeyuka. Watu wengi wanajua hilo na kuhitimisha kwamba penye kalsiamu hapana floraidi. Si hivyo. Katika maji matupu fluoraiti yenyewe inaweza kuachia floraidi hadi karibu miligramu 8 kwa lita, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko kinachopatikana katika maji ya udongo wa kawaida. Kinachobana ni kiasi cha kalsiamu kilichomo majini kwa wakati huo.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua. Maji ya udongo yakiwa na kalsiamu miligramu 200 kwa lita, floraidi haiwezi kuzidi sana takriban miligramu 1.6 kwa lita kabla haijaanza kuganda. Kalsiamu ikishuka hadi miligramu 2 kwa lita, dari hiyo inapanda hadi karibu 16. Punguza kalsiamu mara mia, na dari ya floraidi inapanda mara kumi.

Sasa fikiria udongo wa magadi. pH yake iko juu ya 8.5, kwa hiyo nyuso za madini zimekwisha kuisukuma floraidi nje. Kaboneti imeiteka kalsiamu na kuigandisha kama chokaa. Kilichobaki majini ni sodiamu, na sodiamu floraidi huyeyuka takriban gramu 40 kwa lita, yaani haizuii chochote. Vizuizi vyote vimeondoka kwa wakati mmoja. Kama ningetakiwa kuchagua udongo mmoja wa kuutilia wasiwasi bila kuona karatasi yoyote ya maabara, ningechagua huu unaomwagiliwa kwa maji ya kisima laini yasiyotoa ukoko kwenye birika.

Dalili za kuutambua shambani: tabaka gumu linalojifunga juu baada ya mvua, maji yanayosimama bila kuzama, na pengine weupe au weusi wa chumvi juu ya uso. Thibitisha kwa pH.

Hatua ya 4: Chimba kwa tabaka, usichanganye

Sampuli iliyochanganywa kutoka juu hadi chini inaua habari. Chukua tabaka tatu kando kando: sentimita 0–15, 15–30, na 30–60. Fanya hivyo katika mashimo yasiyopungua kumi ya eneo moja, ukiunganisha tabaka ya juu na ya juu wenzake, ya kati na ya kati. Ongeza shimo moja mahali ambapo hapajawahi kulimwa wala kumwagiliwa, lenye udongo wa aina ileile. Hilo ndilo la kulinganishia.

Jinsi ya kusoma: floraidi yote ikiongezeka kadiri unavyoshuka, imetokana na mwamba, na mara nyingi utaona mfinyanzi nao unaongezeka huko chini. Tabaka la juu likizidi la chini, kuna kitu kinachoileta kutoka juu, iwe mbolea, maji au hewa. Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1 na uanze kufuta vyanzo.

Anika kivulini, ponda, chekecha kwa matundu ya milimita 2. Weka katika mifuko au chupa za plastiki. Sampuli za maji nazo ziwe kwenye plastiki, kwa sababu floraidi ikikutana na asidi hushambulia kioo.

Hatua ya 5: Pima iliyoyeyuka, si iliyomo tu

Omba maabara vipimo viwili: floraidi inayoyeyuka kwa maji, na ile yote. Cha kwanza ndicho cha muhimu. Kama una elektrodi ya floraidi, ile yenye fuwele ya lanthanamu floraidi, unaweza kukifanya mwenyewe:

1. Gramu 10 za udongo mkavu, mililita 50 za maji safi ya maabara, tikisa saa moja, kisha chuja.
2. Changanya maji uliyochuja na bafa ya kupimia floraidi (TISAB) kwa kiasi sawa. Bafa hiyo huiweka pH kati ya 5 na 5.5 na kuiondoa alumini mikononi mwa floraidi.
3. Soma, ukilinganisha na miyeyusho ya 0.1, 1 na 10 mg/L iliyochanganywa na bafa ileile. Kila mara floraidi inapoongezeka mara kumi, usomaji hubadilika takriban milivolti 59 katika nyuzi 25.
4. Zidisha jibu kwa 5 upate miligramu kwa kilo ya udongo.

Usiruke bafa. Elektrodi huona floraidi iliyo huru tu. Ile iliyoungana na alumini haionekani kabisa, na katika udongo wa tindikali hiyo ndiyo iliyo nyingi. Nimeona ripoti safi kabisa za udongo wenye pH 4.8, na kosa lilikuwa hapo tu. Ukitaka kujifunza zaidi, soma sampuli ileile mara mbili, moja kwa bafa hii na nyingine kwa bafa isiyo na kitu cha kuikamata alumini. Tofauti ya majibu inakuambia ni kiasi gani kinachosafiri na alumini.

Maji uliyochuja yakiwa ya rangi ya kahawia iliyokolea, liandike hilo pia. Floraidi ikizidi hubandua alumini na chuma vilivyokuwa vimeishika mboji, na mboji inaanza kuyeyuka na kuondoka na maji.

Hatua ya 6: Hesabu kinachoingia kila mwaka

Hapa kalamu inatosha. Mfano: unamwagilia milimita 500 kwa mwaka, maji yana floraidi 2 mg/L. Milimita 500 juu ya hekta moja ni lita milioni 5, kwa hiyo unaingiza kilo 10 za floraidi. Udongo wa sentimita 15 za juu kwenye hekta hiyo una uzito wa karibu kilo milioni 1.95, ikiwa kila sentimita ya ujazo ni gramu 1.3. Umeongeza takriban miligramu 5 kwa kilo.

Sasa mbolea: kilo 200 za supafosfeti yenye floraidi asilimia 1.5 huleta kilo 3, yaani miligramu 1.5 kwa kilo.

Ukilinganisha na 300 zilizokuwapo, ni kidogo. Lakini zilizokuwapo zimefungwa mwambani, na hizi mpya zinaingia zikiwa huru au karibu huru. Kwenye mfinyanzi wenye pH 6 zitashikwa ndani ya muda mfupi. Kwenye kichanga au magadi, hapana. Kwa maji ya kumwagilia, FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) inapendekeza yasizidi 1 mg/L, na mpaka huo umewekwa kwa kufikiria udongo usioweza kuishika. Usiuchanganye na 1.5 mg/L ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ambayo ni ya maji ya kunywa.

Hatua ya 7: Usome mmea wenyewe

Mizizi ya mimea mingi huizuia floraidi vizuri. Iliyopenya hupanda na maji yanayovutwa na majani, maji yanapotoka kama mvuke inabaki, na kwa kuwa haisafiri kurudi nyuma, hujikusanya mwisho wa njia: kwenye ncha na kingo. Huko ndiko jani linakofia kwanza, na mara nyingi utaona mstari mkali wa kahawia au mwekundu unaotenga sehemu iliyokufa na iliyo hai.

Mstari huo husaidia, lakini usiuamini peke yake. Chumvi, boroni iliyozidi, upungufu wa potasiamu na ukame vyote huunguza kingo. Peleka majani maabara. Mimea mingi isiyo na tatizo huwa na chini ya miligramu 10 kwa kilo ya jani kavu. Kwa malisho, mpaka unaotumika sana kwa ng'ombe wa maziwa ni karibu 40.

Ligawe fungu la majani mara mbili: nusu lisuuze haraka kwa maji safi, nusu liache. Lisilosuuzwa likiwa na floraidi nyingi zaidi, unapima vumbi. Yote mawili yakiwa juu na udongo ukiwa mtulivu, shuku hewa: gesi ya floraidi huingia moja kwa moja kwenye vinyweleo vya jani. Kwa wafugaji, vumbi na udongo anaoumeza mnyama akilisha chini chini mara nyingi humletea floraidi kuliko nyasi zenyewe.

Aina ya mmea hubadilisha kila kitu. Gladiola na drasena huungua kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo zinafaa kama walinzi wa kukuonya mapema. Chai iko upande wa pili kabisa. Inapenda udongo wa tindikali, huchukua alumini na floraidi pamoja, na jani lake lililozeeka linaweza kuwa na mamia, hata maelfu ya miligramu kwa kilo bila kuonyesha jeraha. Jani changa huwa na kidogo zaidi. Ukikuta namba hiyo kwenye chai usitafute kiwanda.

Hatua ya 8: Rekebisha kulingana na upande uliopo

Udongo wa tindikali: weka chokaa kidogo kidogo hadi pH ifike karibu 6, na usimame hapo. Alumini itaganda, nyuso mpya za kushika zitajengeka, na gari la floraidi litakosekana. Kuendelea hadi 7.5 ni kuanza kuifungulia upya.

Udongo wa magadi: chokaa hapa haisaidii, kwa sababu haiyeyuki katika pH hiyo. Tumia jasi, yaani kalsiamu salfeti, ambayo huyeyuka na kuleta kalsiamu majini bila kupandisha pH. Kisha mwagilia maji mengi na hakikisha kuna njia ya kuyatoa, la sivyo sodiamu na floraidi vitapanda tena na maji yanapokauka juu wakati wa kiangazi. Jasi iliyo zao la viwanda vya fosfeti huwa na floraidi yake, kwa hiyo ipime kabla ya kuinunua kwa tani.

Kichanga chenye pH nzuri hakina mengi ya kurekebisha. Punguza kinachoingia: badilisha au changanya maji, na chagua mbolea ya fosfeti yenye floraidi ndogo. Gawanya mbolea hiyo badala ya kuimwaga yote kwa mara moja, maana fosfeti nyingi hugombea nafasi zilezile zinazoshikwa na floraidi na inaweza kuibandua. Mboji iongeze kwa faida zake nyingine, ila usiitegemee kuishika floraidi. Huishika kidogo mno.

Baada ya misimu miwili chimba tena, tabaka zilezile, mwezi uleule, na upime iliyoyeyuka pamoja na majani ya umri uleule. Floraidi yote haitakuwa imebadilika. Ile ya maji ndiyo inayotakiwa kuwa imeshuka, na ya majani huifuata kwa kuchelewa, kwa kuwa jani lililokwisha kuijaza halitaiachia mpaka lidondoke.